Mwaka wa Magoti ya Bi Tatu

Mwezi uliopita tulikutana tena, sisi tuliowahi kuvaa jezi moja, kwenye uwanja wa shule hapa Morogoro, kwa mechi ambayo waandaaji waliiita ya maveterani na wake zetu wakaiita ya wagonjwa. Kipindi cha kwanza hakikuisha. Kibwana, ambaye zamani alikuwa beki wa kati aliyeogopwa hata na mashabiki wa kwetu, alikimbilia mpira mmoja, akasimama katikati ya njia, akashika kiuno, akautazama ukitoka nje kama mtu anayemsindikiza mgeni. Refa alicheka hadi filimbi ikamdondoka. Tukahamia kivulini kwenye viti vya plastiki, na hapo ndipo mchezo wenyewe ulipoanza: kila mmoja akapandisha suruali na kuonyesha goti lake. Kulikuwa na lililovimba, na linalolia kama mlango wa ghala, na lisilokunja kabisa. Mmoja anakunywa manjano na asali kila asubuhi, mwingine ameacha nyanya kwa sababu jirani yake alimwambia, wa tatu anaapa kwa supu ya makongoro. "Ng'ombe anatembea kwa makongoro hayohayo maisha yake yote," alisema Kibwana, "sasa wewe ukiyanywa yatakosaje kukusaidia?" Walipofika kwangu waliniuliza mbona mimi, niliyeumia vibaya kuliko wote nikiwa kijana, ndiye niliyekuwa nainuka kitini bila kushika popote. Nikawaambia nilijifunza pamoja na mpishi wa harusi. Walidhani natania, na jua lilikuwa linazama, sikupata nafasi ya kuwaeleza. Ndiyo maana naeleza hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa winga wa kushoto. Mtu akiniuliza mimi ni nani, hilo ndilo lilikuwa jibu langu lote. Timu ilinipangishia chumba Mafiga, kwenye nyumba ya mjane aliyeitwa Bi Tatu, nyumba ndefu ya vyumba vinavyotazamana, korido katikati, na ua nyuma wenye mpapai, bomba na jiko la kuni. Kuta za vyumba hazikufika juu. Ziliishia mahali fulani juu ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye bati ulikuwa uwazi wa watu wote. Kwa hiyo lililosemwa chumba kimoja lilikuwa mali ya nyumba nzima. Nilijua nani anadaiwa mahari, nani anakoroma, na nani anasali huku anasinzia. Bi Tatu mwenyewe alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliyeko mtaa wa pili, na nusu ya harusi za mji zilikuwa zimekula pilau yake. Sufuria zake zilipangwa uani kwa ukubwa, ya mwisho ikiwa na nafasi ya mtu kujificha, na mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia. Lakini nilipohamia tayari alikuwa anapika amekaa. Alikuwa na kiti chake cha mbao kando ya moto, wasichana wakikoroga, yeye akiamrisha. "Punguza kuni! Huo si wali, mnapika uji wa mgonjwa!" Magoti yalikuwa yamesagika, ndivyo alivyosema, na kuinuka kwake kitini kulikuwa shughuli ya kijamii: mmoja huku, mmoja kule, wa tatu nyuma, na yeye akihesabu, "Haya, bismillahi." Siku nilipofika alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Karibu mume wangu," alisema, kama mabibi wa huku wanavyowaita vijana wa umri wa wajukuu zao. "Ila mume gani huyu, mwembamba kama fito?"

Nikaumia kabla ya mvua za vuli, kwenye mechi ambayo wala haikuwa na maana. Niligeuka na mpira, mguu ukabaki pale ulipokuwa, na nikasikia ndani ya goti kitu kikikatika kama kijiti kikavu. Wenzangu walinirudisha Mafiga, wakanilaza, wakafunga mlango. Kisha nikamsikia kiongozi wetu wa timu koridoni akimwambia Kibwana, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Huyu goti limekwenda. Tutafute winga mwingine kabla dirisha la usajili halijafungwa." Kibwana akasema, "Taratibu, atasikia." Kiongozi akajibu, "Atasikiaje, mlango si umefungwa?" Nilikuwa naangalia uwazi ule juu ya ukuta, machozi yakinitoka pembeni na kuingia masikioni, ndipo sauti ya Bi Tatu ilipotoka chumba cha pili: "Na mimi nimesikia! Aliyeumia goti hajafa, na kama kuna anayetaka kuzika leo atafute nyumba nyingine!" Viatu vyao vilitoka mbio. Nilicheka huku nalia, na tangu siku ile sikumwita tena mama mwenye nyumba. Nilimwita Bibi.

Daktari wa hospitali alisema kano moja ndani ya goti imekatika, kwamba operesheni yake hufanyika Dar na itasubiri, na kwamba wakati nasubiri niende chumba cha mazoezi nikaimarishe misuli. Bi Tatu akasema atanisindikiza, kwa kuwa mume hatumwi hospitali peke yake. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, kimepakwa rangi ya kijani hadi nusu ya ukuta, kina vitanda viwili vyembamba, ngazi fupi ya mbao isiyokwenda popote, na kioo kirefu ambacho Bi Tatu alikitazama mara moja tu na kukipa mgongo. Aliyekitawala ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, aliyeitwa Anjela, msichana mdogo kwa umbo, mzaliwa wa vijiji vya misheni huko milimani, ametoka chuoni si muda mrefu. Alinikunja goti, akalinyoosha, akanipa mazoezi. Tulipoinuka kuondoka akasema, "Na wewe Bibi, kesho uje."

"Mimi nimesindikiza tu, mwanangu."

"Nimekuona unavyoinuka. Umeshika ukuta, umeshika mlango, na umemshika mgonjwa wangu."

Kesho yake Bi Tatu alikwenda, amejipaka hina na amevaa khanga mpya, kama anayekwenda kushtaki. Nilikuwa kitanda cha pili, nimeinua mguu hewani, na nilisikia yote. Anjela alimwambia kwamba mwisho wa kila mfupa pale kwenye kiungo kuna kitu laini kinachoteleza, kinaitwa gegedu, na kwamba lake limelika kwa miaka na kwa uzito, na mfupa ulio chini yake unalalamika. Bi Tatu akauliza dawa. Anjela akasema zipo za kutuliza maumivu, daktari atampa, lakini hakuna ya kuliotesha gegedu upya.

"Hata supu ya makongoro?"

"Ni supu nzuri Bibi, hata mimi naipenda. Lakini goti la ng'ombe likishafika tumboni ni chakula kama chakula kingine. Halijui njia ya kwenda gotini kwako."

"Kwa hiyo nikae, nisilimalize hilo lililobaki."

"Hapo ndipo watu wanapokosea. Ukikaa, misuli ya paja inalegea, halafu goti linabeba mzigo peke yake. Goti linataka kutembezwa. Na mzigo nao tuupunguze kidogo."

"Unasema mimi mnene," alisema Bi Tatu.

"Nasema goti lako dogo," alijibu Anjela.

Tulipofika nyumbani Bi Tatu alikaa kwenye kiti chake, akavua viatu, akasema, "Kale katoto kana mdomo," na kwa jinsi alivyolisema nilijua ameshampenda.

Sijui kama mdomo wa Anjela peke yake ungetosha. Kilichotosha kilikuja siku chache baadaye, kikiwa kimebeba mkungu wa ndizi. Bi Tatu alikuwa na dada yake, Bi Mwajuma, mkubwa kwake, aliyekuwa anaishi kijiji chao cha zamani juu milimani, ukishafika Mkuyuni unaacha barabara na kupanda kwa miguu. Huko simu hazikushika. Mawasiliano yao yalikuwa Mama Klemensi, mwanamke wa kijiji hichohicho aliyeshusha ndizi na machungwa mjini kuuza, na kila alipokuja alipita Mafiga na furushi la magimbi kutoka kwa dada na salamu ndefu. Siku ile nilikuwa chumbani nimeweka mguu juu ya mto, wao wamekaa barazani chini ya dirisha langu.

"Dada yako siku hizi hatoki mlangoni," alisema Mama Klemensi. "Naye ni magoti. Anakaa pale kizingitini anaangalia njia. Anauliza utakwenda lini."

"Nitakwendaje mimi? Mlima ule?"

"Vijana wamesema watakushukia na machela. Wako tayari."

"Mimi sibebwi," alisema Bi Tatu. "Nikipandishwa mlima kwa machela watu watatoka na vilio, wataanza kuchimba kaburi kabla sijafika."

Walicheka wote wawili. Lakini Mama Klemensi alipoondoka, Bi Tatu alibaki pale barazani akimenya gimbi lisilohitaji kumenywa, na nikamsikia akisema na nafsi yake, "Yeye hawezi kushuka, mimi siwezi kupanda. Ndiyo tutazikana kwa kutumiana magimbi?" Jioni ile aliniita uani. Akaniambia nivute kiti changu nikiweke mbele ya chake. "Haya mume wangu. Nionyeshe yale mliyofundishwa."

Ndivyo ulivyoanza mwaka wa viti viwili. Kila asubuhi baada ya sala, kabla jua halijapanda juu ya mpapai, tulikaa tukitazamana, mimi mtoto wa kumi na tisa na yeye mwenye wajukuu wa umri wangu, na kazi yetu ilikuwa kuinuka na kukaa. Basi. Kuinuka bila kushika, kukaa bila kujitupa. Siku za mwanzo hakuna aliyeweza. Mimi nilikuwa nauogopa mguu wangu, nainukia wa pili tu kama korongo, na yeye alikuwa anasukuma mikono ya kiti hadi inalia. Baada ya hapo tulinyoosha miguu, kila mmoja amefungiwa mfuko wa mchele kifundoni, jambo lililomuudhi kuliko maumivu. "Mchele wa Mbeya huu," alisema, "nimeupika kwa masheikh, leo naufunga mguuni." Wapangaji walianza kuja na vikombe vyao vya chai kutuangalia, wengine wakaanza kutushindanisha. Yeye alikuwa mshindani mbaya. Nikiinuka kabla yake alisema nimesaidiwa na ujana. Akiinuka yeye kabla yangu, hata kwa kushika kidogo, mtaa mzima ulitangaziwa. Magharibi tulitoka kutembea, na tulipima njia kwa nguzo za umeme. Wiki ya kwanza nguzo ya kwanza ilikuwa Makka. Kisha tukaipita, tukaenda ya pili, tukaenda hadi kwenye mashine ya kusaga, ambako alikuwa na jamaa zake wa kuzungumza nao, na mazungumzo hayo yalikuwa marefu kuliko matembezi.

Chakula ndicho kilicholeta vita. Bi Tatu aliapa mbele ya Anjela kwamba yeye hali sana, na kwa hakika sikuwahi kumwona na sahani iliyojaa. "Mpishi hali," alisema, "mpishi anaonja." Anjela akamwomba jambo moja: siku ya shughuli, kila anachotaka kuonja akiweke kwanza kwenye sahani, aifunike, aonje kijiko kimoja tu. Ilikuwa harusi ya Jumamosi. Mimi ndiye niliyeshika sahani. Ukaingia wali wa kuonja chumvi, na wali wa kuonja kama umeiva, na nyama ya kuonja ulaini, na nyama ya kuhakikisha, na sambusa iliyopasuka ambayo haifai kupelekwa kwa wageni, na mandazi mawili ya kuona hamira, na ukoko. Kufikia adhuhuri sahani ilikuwa imejaa na nimeanza ya pili. Bi Tatu alifunua kawa, akazitazama zile sahani mbili, kisha akaniambia, "Mpe yule mlinzi, na usimwambie mtu." Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia kila mtu, kwa miaka yote iliyofuata, na kila akisimulia sahani ziliongezeka.

Alibadilika kama mpishi anavyobadilika, yaani kwa kubishana na sufuria. Chai bila sukari aliinywa wiki nzima akiwa na uso wa matanga, hadi alipogundua kuitia tangawizi na mdalasini wa Mkuyuni wa kutosha, akaacha kulalamika. Mandazi yakawa ya Ijumaa. Samaki wa bwawani, ambao zamani walizama kwenye mafuta, wakaanza kuchemshwa na ndimu na bilinganya. Magimbi ya dada yake aliyala na maharage, na mezani hapakukosa mnavu au matembele. Manjano aliyatia kwenye kila kitu hata baada ya Anjela kumwambia ni kiungo kizuri lakini si miujiza. "Kama si miujiza basi ni rangi," alisema, "na rangi nayo ni nusu ya chakula." Mimi niliburuzwa nyuma yake. Nilikuwa mtu wa chipsi mayai na soda, na sasa nilikuwa sikimbii, nilikuwa nimeanza kuwa na kitambi cha katibu tarafa. Alininyang'anya ile tabia kwa njia rahisi sana: alinipikia. Hata leo, hili goti langu likianza kunisumbua, kama lilivyoanza miaka kadhaa iliyopita, kwa maana goti lililowahi kuumia namna ile huzeeka kabla ya mwenyewe, ninachokimbilia ni kile chakula cha uani na zile asubuhi za kiti. Vidonge navimeza siku ya lazima. Daktari wangu wa sasa amenieleza mambo yaleyale ya Anjela kwa maneno marefu zaidi.

Isidhaniwe kwamba kila siku ilikuwa kicheko. Mwezi wa Ramadhani ulikuja na futari zake, kalimati na mihogo ya nazi, na tuliacha viti vikapigwa jua. Halafu zikaja mvua za masika, mawingu yakashuka kwenye Uluguru hadi milima ikawa haionekani, na magoti ya Bi Tatu yakavimba yote mawili. Alisema ameacha. Alirudi kwenye kiti chake kando ya moto, akaanza tena kuhesabu bismillahi ya kuinuliwa, na nilipomletea mfuko wa mchele alimwagia kuku. Na mimi wiki hiyohiyo nikapata mashaka yangu. Kibwana alikuja kuniita mazoezini. Kiongozi alitaka kuona kama ninaweza kurudi msimu ujao. Anjela alikuwa ameniambia bado, na zamu yangu ya operesheni Dar haikuwa imefika, lakini kijana wa miaka kumi na tisa akiitwa uwanjani haulizi fizio. Nilikimbia vizuri moja kwa moja, watu wakapiga makofi. Nilipogeuka na mpira, goti likachomoka chini yangu kama mlango usio na bawaba. Hakuna aliyenigusa. Kiongozi alinitazama pale chini, akatazama saa yake, na sikuhitaji ukuta mfupi ili kusikia alichokuwa anafikiri.

Nilirudi nyumbani kwa bajaji, nikapita koridoni bila salamu, nikalala nimeelekea ukutani. Nilisikia Bi Tatu akiuliza uani, "Huyo si mume wangu? Mbona hajaitika?" Wasichana walikuwa wamekwenda sokoni, hakukuwa na mtu wa kumjibu. Kisha nikasikia ndara zake koridoni, taratibu, zikija. Mlango ukasukumwa kwa bega. Alikuwa amesimama pale na sinia, bakuli la maharage upande mmoja na magimbi upande wa pili, mvuke ukimpanda usoni.

"Kula kwanza," alisema. "Habari mbaya haziliwi na njaa."

Nilimtazama. Nilitazama sinia. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika sinia. "Bibi," nilimwambia, "umeinuka na nani?"

"Nimeinuka na nani vipi?"

"Kitini. Nani kakuinua?"

Aligeuka kuangalia nyuma yake, kama vile huyo mtu angekuwa bado yuko koridoni. Hakuwepo mtu. Alirudisha macho kwenye sinia, akaangalia magoti yake, akaangalia sinia tena. Kisha akapiga yowe ambalo liliwaleta majirani wakidhani nyumba inaungua, na maharage yote yakaishia kitandani kwangu. Jioni ile alichota mchele mwingine.

Tulipanda mlima wakati wa kipupwe, mvua zikiwa zimekwisha na njia imekauka. Anjela alimpa fimbo na masharti: polepole, apumzike kabla hajachoka na si baada, na wakati wa kushuka atembee upandeupande, kwa sababu kushuka kunalitesa goti kuliko kupanda. Tulilala Mkuyuni kwa ndugu wa Mama Klemensi, na kulipopambazuka tukaingia njiani, Mama Klemensi mbele, Bi Tatu katikati, mimi nyuma. Njia ile inapita kwenye migomba na mifenesi, halafu mikarafuu, halafu unaanza kuona mabonde upande wa chini na moshi wa nyumba za watu uliodhani umeshawapita kumbe bado wako juu yako. Wanawake walitupita wakishuka na mizigo kichwani, wakimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akiitika "Marahaba" kwa pumzi iliyobaki. Mahali pa mwinuko mkali alikaa juu ya jiwe, akasema, "Mimi nimefika. Nijengeeni kibanda hapahapa." Vijana waliokuwa wanatoka shambani walisimama na kusema watambeba, si mbali. Alishika fimbo yake kama mwiko. "Nendeni zenu," alisema. "Huyu ndiye mume wangu, mwulizeni kama mimi nabebwa." Nikasema habebwi. Akainuka.

Tulifika alasiri. Bi Mwajuma alikuwa kizingitini kama tulivyoambiwa, na kilichonishangaza ni kwamba alikuwa mwembamba, kamwili kadogo kamekauka kama jani la mgomba. Nilikuwa nimezoea kudhani magoti ni maradhi ya watu wapana. Yake yaliliwa na mizigo: miaka na miaka ya kushusha mikungu ile njia na kupandisha chumvi na mafuta ya taa. Alimtazama mdogo wake akiingia uani na fimbo, akatazama nyuma yake, akatafuta wabebaji.

"Wako wapi waliokubeba?"

"Sijabebwa, dada. Shikamoo."

"Muongo."

"Wallahi."

Bi Mwajuma akamtazama Mama Klemensi, ambaye aliapa kwa Bikira Maria. Ndipo akaanza kulia, bila sauti, huku anacheka, na Bi Tatu akaketi karibu naye kwenye kizingiti, akamwegemea, wakabaki hivyo. Nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na ugomvi. Bi Tatu alikuwa ameweka benchi mbili uani, zikitazamana. "Mimi ndiye mkubwa," alisema Bi Mwajuma, "huwezi kunipa amri." "Mkubwa uinuke basi," alijibu mdogo wake, "uoneshe mfano." Tulikaa huko zaidi ya wiki, na sikumwona Bi Mwajuma akiinuka bila kushika, lakini nilimwona akitoka kizingitini hadi kwenye mti wa machungwa, na siku ya mwisho hadi nyumba ya jirani, ambako alikaa akipiga soga hadi chakula kikapoa. Magoti yao hayakupona. Anjela hakuwahi kuwaahidi kupona. Mvua zikija yaliuma, na Bi Tatu alipika akiwa amesimama kwa harusi ndogo tu, kubwa alikaa. Lakini kila kipupwe, kwa miaka mingi, alipanda ule mlima, na dada yake alipofariki alikuwepo mazikoni, kama ndugu wanavyotakiwa, amesimama kwa miguu yake mwenyewe kando ya nyumba ya marehemu.

Tulishuka asubuhi yenye ukungu. Bi Tatu alikuwa kando yangu, akitembea upandeupande kama kaa, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwangu. Nilikuwa namwangalia yeye badala ya njia. Mguu wangu ukakanyaga jiwe lililolegea, goti likageuka, likachomoka kama lilivyofanya uwanjani, nami nikaketi chini kwenye majani yenye umande. Halikuuma sana. Lakini pale chini, hakuna mpira, hakuna beki, hakuna kiongozi anayetazama saa, nilielewa kwamba sitacheza tena. Nilianza kulia kama mtoto. Mama Klemensi alitua mzigo wake. Bi Tatu alisimama juu yangu akihema.

"Unalia goti au unalia mpira?" aliniuliza.

"Mpira, Bibi."

"Basi lia. Hilo ni la kulia." Alijishusha taratibu, akaketi kwenye majani kando yangu, akaninyooshea mguu, akalikandakanda goti kwa vidole vyake vya upishi kama anayekanda unga. Hakuniambia ninyamaze. Jua lilipoanza kuupasua ukungu na bonde la Mkuyuni kuonekana chini, alinipiga paja. "Goti hili halitakurudisha uwanjani, mume wangu. Ila nyumbani litakufikisha, na kwingine kwingi. Inuka."

Nikakunja miguu, nikainuka, nikampa mkono. Aliukataa, akainuka mwenyewe. Kisha tukateremka.